Tangu lini unasali umekaa?

Swali hili halimo kwenye fomu yoyote niliyowahi kupewa. Nilifundishwa na mzee mmoja wa hapa Bombo, askari wa zamani, siku nilipomuuliza kama anatembea vizuri naye akanijibu kwamba anatembea vizuri kabisa, alhamdulillahi, huku amekaa kwenye kiti chake cha mbao chini ya mwembe bila dalili ya kutaka kuinuka. Adhana ya adhuhuri ilipolia aliomba maji, akatawadha palepale alipokaa, mjukuu akimwosha miguu kwa kuwa mikono yake haikuifikia tena, kisha kiti kikageuzwa kuelekea kibla naye akasali akiwa juu yake. Alipotoa salamu nilimuuliza tangu lini anasali amekaa. Alifikiri kidogo, akasema: tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kwa jibu hilo nilijua magoti na kiuno vilianza kumshinda lini, na nikajua pia kwamba mtu asiyeweza kusujudu wala kufikia nyayo zake hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo bila kushikilia kitu. Swali langu la kwanza lisingenipa hata moja kati ya hayo.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatembelea wazee majumbani mwao, hapa Bombo na katika vijiji vya jirani vya wilaya ya Luweero, nchini Uganda, mahali ambapo katika nyumba moja utasikia Kinubi, Kiganda na Kiswahili kabla chai haijapoa. Watu huniuliza kazi hiyo ni ya nini hasa ilhali vituo vya afya vipo na tangu mwaka 2001 huduma katika vituo vya serikali hazilipiwi. Jibu langu ni kwamba mzee anapaswa kupimwa mahali anapoishi, na kwa yale anayoyafanya kutwa, ndipo tuulize ana ugonjwa gani. Imani hiyo sikuipata darasani. Niliipata kwa kosa ambalo nilishiriki mimi mwenyewe.

Kulikuwa na bibi mmoja, umri wake umepita miaka 75, ambaye katika muda wa miezi michache alikuja mara 3 katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati huo. Mara ya kwanza presha yake ilikuwa juu, akaandikiwa amlodipini. Mara ya pili alikuja amevimba vifundo vya miguu, akaongezewa furosemaidi, yaani dawa ya kukojoza. Mara ya tatu alikuwa na jeraha shavuni; alisema ameteleza, tukamsafisha, tukampima presha, tukaona imeshuka vizuri, tukafurahi, tukamruhusu arudi nyumbani. Mara zote hizo alipimwa akiwa amekaa, na aliyeandika kwenye kitabu chake mara zote hizo ni mimi. Wiki chache baadaye alianguka usiku akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono ambao kwa miaka zaidi ya 40 ulikuwa ukisuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula, yale yenye duara za rangi nyekundu, kijani na zambarau.

Nilikwenda nyumbani kwake baada ya kufungwa plasta. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, na kabla ya kufungua mkoba wangu nikaomba anioneshe njia anayopita usiku. Kutoka kitandani hadi chooni tulihesabu hatua 34, na miongoni mwake ngazi moja ya saruji iliyomeguka ukingo, kisha nguzo ya kamba ya nguo, kisha kona isiyo na taa. Nikamuuliza huamka mara ngapi kwa usiku. Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, akanyamaza. Mwanawe alipokwenda kuleta maji ya kunywa alinyanyua vidole vinne. Dawa ya kukojoza alikuwa akiinywa baada ya sala ya isha, si kwa ukaidi, bali kwa sababu mjukuu anayejua kusoma maandishi ya kwenye pakiti alikuwa akirudi kutoka shuleni jioni, na hakuna yeyote miongoni mwetu aliyekuwa ameuliza nani humsomea.

Kisha nilimlaza, nikasubiri dakika 5, nikampima: 158 kwa 86. Nikamsimamisha huku nimemshika kiuno, na baada ya dakika 1 kipimo kilisoma 131 kwa 74, naye akasema taratibu kwamba dunia inazunguka. Kanuni inayofundishwa ni kwamba namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 baada ya mtu kusimama, basi damu haifiki kichwani kama inavyotakiwa na mtu huyo yuko katika hatari ya kuanguka. Yeye alishuka kwa 27. Kipimo hicho hakihitaji mashine mpya wala gharama yoyote; kilihitaji kitanda, saa, na mtu mwenye subira ya dakika 10, na sisi hatukumpa dakika hizo.

Mwisho nikamwomba aniletee dawa zote zilizomo ndani, na nikasisitiza neno zote. Alileta kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa fundo. Mlikuwa na zile tulizompa, na chini yake vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akinunua kwenye duka la dawa kwa ajili ya magoti, viwili viwili au vitatu vitatu, kadiri fedha zilivyoruhusu. Hakuwahi kuvitaja kwa sababu tulikuwa tumemuuliza kuhusu dawa za hospitali, na hivyo si vya hospitali. Diklofenaki hupandisha presha, hubakiza maji mwilini na huumiza figo, hasa inapoambatana na dawa za kukojoza kwa mtu mzima wa umri ule. Amlodipini nayo inajulikana kwa kuvimbisha miguu. Yaani inawezekana kabisa kwamba tulitibu presha iliyopandishwa na dawa moja kwa kutumia dawa ya pili, halafu uvimbe wa dawa ya pili tukautibu kwa dawa ya tatu, na dawa ya tatu ikamtoa kitandani mara 4 usiku hadi kwenye ile ngazi iliyomeguka. Kila aliyemwandikia alikuwa na sababu yake ya haki. Aliyekosekana ni mtu wa kuzitazama dawa zote zikiwa mezani pamoja.

Tangu siku hiyo naanza na kaveera. Naomba hata mizizi, hata unga ulio kwenye chupa ya soda, hata dawa aliyoachiwa na jirani aliyefariki. Huwa nasema mapema kwamba sitamgombeza mtu, na nashika ahadi hiyo, kwa maana mzee aliyegombezwa mara moja hufunga fundo la kaveera na halifungui tena.

Vipimo vya kitaalamu vipo na mimi navitumia kwa heshima. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake nchini Marekani walichapisha orodha ya mambo 6 ambayo kwayo hutambulika kama mtu anajitegemea: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1965 ikafuata fahirisi ya Barthel yenye vipengele 10 na alama 100, na mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza shughuli za nje ya mwili, kama vile kupika, kwenda sokoni, kutumia simu, kushika fedha na kujinywesha dawa. Ninachopenda katika kazi hizo ni kwamba haziulizi mtu anaumwa nini. Zinauliza anaweza nini bila kusaidiwa. Hata hivyo ziliandikwa kwa nyumba za namna nyingine. Barthel inauliza kuhusu kupanda ngazi za ghorofa, na wazee wengi ninaowaona hawana ghorofa. Haiulizi kuhusu kuchuchumaa, kuteka maji, kunyanyua dumu, kuinama kwenye jiko la mkaa, wala kufunga mshipi wa gomesi, vazi refu la wanawake wa hapa, mambo ambayo hapa ndiyo yanayoamua kama mama mtu mzima anaweza kubaki peke yake kuanzia asubuhi hadi watoto warudi. Hivyo mimi huijaza fomu kama ilivyo, kwa sababu daktari atataka alama, kisha pembeni naandika niliyoyaona.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee, na huo naona umekaribia maisha yetu zaidi. Unataka mhudumu wa ngazi ya jamii achunguze uwezo wa aina 6: kumbukumbu na fahamu, mwendo, lishe, macho, masikio, na hali ya moyo wenye huzuni. Maswali yake ni mafupi. Kwa mwendo, mtu aombwe kusimama na kukaa kitini mara 5 bila kutumia mikono, na aweze kumaliza ndani ya sekunde 14. Kwa lishe, aulizwe kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 iliyopita bila kukusudia, na kama amepoteza hamu ya kula. Kwa kumbukumbu, apewe maneno matatu ayarudie baadaye.

Hata hapo inabidi mtu atumie akili yake. Maneno ya mfano ambayo nilikutana nayo yalikuwa ua, mlango na mchele. Nilipomwambia mama mmoja ayashike, baada ya dakika kadhaa alinijibu uzio, mlango na mchele, na nikawa karibu kuandika kwamba kumbukumbu yake imepungua, hadi nilipotambua kwamba neno ua katika Kiswahili lina maana mbili na yeye alikuwa ameshika ile inayokaa karibu na mlango. Sasa natumia moto, mlango na mchele. Vilevile swali la leo ni tarehe ngapi halipimi akili ya mtu ambaye hakusoma na asiye na sababu ya kutazama kalenda. Namuuliza ni sala gani imepita, ni siku ngapi tangu Ijumaa, nani amefiwa karibuni mtaani. Mzee aliyekuwa mpishi mzuri akianza kusahau chumvi mara kwa mara, au akirudia kumtuma mtoto dukani kwa kitu kilekile alichokwisha kuletewa, familia itanieleza hayo kabla fomu haijafika hapo, mradi niwape nafasi ya kueleza bila haraka.

Kuhusu kilo 3 niseme kwamba wazee wengi hawajapanda mizani kwa miaka. Nawauliza wanawake kama bangili zinapita mkononi kwa urahisi kuliko zamani na kama gomesi inazungushwa zaidi kiunoni; wanaume nawaangalia mshipi wa suruali, ambao tundu jipya lililotobolewa kwa msumari husema lenyewe. Halafu nauliza nani huanza kupakuliwa. Kwa bibi wanaolea wajukuu, na hapa petu ni wengi tangu miaka ile ukimwi ulipochukua wazazi wa katikati, jibu la kweli ni kwamba wao hula mwisho, na siku nyingine hunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo wakisema hawasikii njaa. Fomu itaandika hamu ya kula imepungua. Hamu ipo, chakula ndicho kilichokwisha kugawiwa wengine kabla yake.

Ndiyo maana swali ambalo silikosi katika nyumba yoyote ni hili: nani anakuangalia, na wewe unamwangalia nani? Sehemu ya kwanza hunionesha mlezi, ambaye mara nyingi ni msichana wa miaka 14 au 15 aliyeacha kwenda shule bila mtu yeyote kutangaza kwamba ameacha. Huyo naye nampima, yaani nakaa naye pembeni nikamuuliza analala saa ngapi, mgongo unamuuma wapi anapomgeuza bibi, nani humpokea kazi. Nimewahi kukuta vidonda vya kulalia kwenye nyonga za mgonjwa aliyetunzwa kwa mapenzi makubwa na mtoto ambaye hakuwahi kuelezwa tu kwamba mtu asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi na kwamba wekundu usioondoka unapobonyezwa kwa kidole ndio mwanzo wa kidonda. Sehemu ya pili ya swali hunionesha mzigo ambao mzee mwenyewe ameubeba, na mara kadhaa presha ambayo haikuteremka kwa dawa nimeikuta hapo.

Mambo ya moyo yanahitaji lugha yake. Sijawahi kupata jibu la maana kwa kumuuliza mzee kama ana sonona. Nikimuuliza kama ana mawazo mengi, kama usingizi unamkimbia kabla ya alfajiri, kama bado anafurahia kutembelewa, hapo huanza kusema. Na mazungumzo hayo, pamoja na yale ya mkojo na haja, hayafanyiki mbele ya mwana au mkwe. Ikiwa lazima awepo mkalimani, natafuta mwanamke mtu mzima kwa mwanamke, na mwanamume kwa mwanamume. Muuguzi anayemtumia mtoto wa kiume kutafsiri maswali ya mkojo wa mama yake atapata majibu mepesi sana, na yote yatakuwa si ya kweli.

Macho na masikio nitayapitia kwa ufupi, ingawa si madogo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu, na bado naona watu waliokaa gizani miaka mingi kwa kuamini kwamba ni uzee. Masikio nayo, nimekuta mzee aliyehesabiwa kuwa ameanza kuchanganyikiwa, kumbe nta imeziba.

Yako mengine yanayonihuzunisha, na nayasema kwa sababu yanarekebishika. Timu za afya za kijiji, wale tunaowaita VHT, zimekuwepo tangu mwaka 2001, na zinajua kila nyumba. Lakini mafunzo mengi waliyopewa yanahusu mtoto chini ya miaka 5 na mama mjamzito: malaria, kuhara, nimonia, chanjo. Mjumbe huyo huyo hupita mbele ya bibi aliyelala ndani kwenda kumpima mkono mtoto kwa utepe wa rangi, kwa kuwa daftari lake halina safu ya bibi. Nimewaomba wajumbe wawili wa kijiji chetu waongeze mstari mmoja wa kalamu: ndani yumo mtu wa miaka 60 au zaidi, ameonekana nje wiki hii au hakuonekana? Mstari huo umetuletea wazee ambao hakuna aliyewahi kutuletea.

Na fedha nazo zimo katika tathmini. Posho ya wazee ya mpango wa serikali uitwao SAGE ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na katika sehemu kubwa ya nchi hupewa aliyetimiza miaka 80, ilhali katika sera zetu mtu huhesabiwa mzee kuanzia miaka 60. Kati ya umri huo na ule kuna miaka 20 ambamo magoti, macho na figo havisubiri. Kwa hiyo nauliza bila kuona haya fedha ya dawa hutoka wapi, natazama kadi ya kitambulisho kama mwaka wa kuzaliwa unalingana na historia anayoisimulia, na mahali ambapo haulingani namsindikiza mwanawe hadi kwa mwenyekiti wa kijiji kuanza safari ya kuusahihisha.

Huko Uingereza daktari Marjory Warren alikabidhiwa mwaka 1935, magharibi mwa London, mamia ya wagonjwa wazee waliolazwa kwa muda mrefu bila mtu kuuliza kama wanaweza kuamka. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawagawa kulingana na mahitaji yao, na wengi walisimama, wakatembea, na baadhi wakarudi makwao. Huwa namkumbuka ninapoambiwa mlangoni kwamba huyu ni mzee tu, hana ugonjwa.

Yule bibi wa makawa tulimpeleka kwa daktari wa kituo cha daraja la IV pamoja na kaveera yake yote. Diklofenaki ilisimamishwa, akapewa parasetamoli na mazoezi ya magoti. Dawa ya kukojoza iliondolewa baada ya kufuatiliwa, na ile ya presha ikapunguzwa. Mwanawe aliziba ngazi kwa saruji, akafunga kamba nene kutoka mlangoni hadi chooni kwa urefu wa kiuno cha mama yake, na ndani ya choo akapigilia mti wa kushika. Ndoo yenye kifuniko iliwekwa karibu na kitanda, jambo ambalo bibi alilikataa kwa wiki 2 na kulikubali usiku mmoja wa mvua.

Nilimtembelea tena mwezi uliopita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, plasta imeshatolewa, akisuka kawa dogo kwa vidole ambavyo bado ni vigumu, na akimwita mjukuu amchagulie uzi wa zambarau kwa kuwa anauchanganya na mweusi, nikaandika macho. Tukampima amelala, kisha amesimama, mjukuu ameshika saa. Namba ya juu ilishuka kwa 9, na dunia haikuzunguka. Nilipokuwa nafunga mkoba aliniambia, "Binti yangu, nenda nyumba ile ya mabati mekundu. Yule mwenzangu simwoni msikitini tangu mfungo uishe, na watoto wake wanasema hajambo." Alivaa kandambili, akashika kamba hadi mwisho wake, kisha akashika mkono wangu, tukaenda pamoja.